Jinsi ya kutumia uhalisia pepe kutibu fobia: kuanzia daftari hadi roshani ya kweli

Mtu mwenye fobia ya urefu anajua vizuri kwamba roshani ina ukuta, na kwamba watu husimama hapo kila siku wakarudi ndani salama. Usimweleze. Ameshaelezwa na wazazi, na mwenzi wake, na rafiki zake, na usiku amejieleza mwenyewe mara zisizohesabika. Miguu yake haisikii. Kila alipokaribia ukingo akageuka, hofu ilishuka papo hapo, na ubongo ukaweka kumbukumbu kwamba kugeuka ndiko kulikomwokoa. Hofu hujilisha kwa kukwepa, kisha hutanuka: aliyeanza kwa kuogopa ghorofa ya kumi anajikuta anaogopa ngazi za wazi, halafu daraja la waenda kwa miguu, halafu picha ya mnara. Wahenga walikwisha kuliona hilo waliposema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Tiba yenye ushahidi mkubwa zaidi dhidi ya fobia ni kukabili. Unakisogelea unachokiogopa kwa vipimo, unakaa nacho bila kukimbia, na mwili wenyewe unaona kwamba ulichokitabiri hakikutokea. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika jinsi alivyomsaidia mtoto mdogo aliyeogopa sungura kwa kumsogeza mnyama huyo karibu kidogo kidogo huku mtoto akila. Kanuni haijabadilika tangu hapo. Kilichokuwa kigumu siku zote ni vifaa: huwezi kupanda ndege mara kumi katika wiki moja, huwezi kuagiza radi, wala kumwambia buibui asimame hapo hapo dakika tano.

Hapo ndipo miwani ya uhalisia pepe inapoingia: unaivaa, na macho yanaona mahali palipochorwa na kompyuta kana kwamba umo ndani yake. Mwaka 1995 Barbara Rothbaum, Larry Hodges na wenzao mjini Atlanta walichapisha matokeo ya kuwapandisha wanafunzi wa chuo wenye hofu ya urefu kwenye lifti ya vioo, madaraja na roshani zilizochorwa na kompyuta. Picha za wakati ule zilikuwa duni mno, na bado watu walitokwa jasho na kutetemeka magoti. Mwaka 2000 watafiti hao walionyesha kwamba kwa hofu ya ndege, mazoezi ya ndani ya miwani yalifanya kazi sawa na mazoezi ya uwanjani kwenye ndege ya kweli. Mwaka 2018 Daniel Freeman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walijaribu programu iliyoongozwa na mkufunzi wa kuchorwa, bila mtaalamu kuwaongoza washiriki, kwa watu 100 wenye hofu ya urefu. Waliopewa tiba hiyo walikaa ndani ya miwani kwa takriban saa mbili tu kwa jumla, na hofu yao ilishuka kwa wastani wa asilimia 68.

Takwimu hizo zinatia moyo, lakini zimewafanya watu waamini kwamba miwani ndiyo dawa. Sivyo. Nimeona watu waliotumia vifaa vya gharama kubwa kwa miezi wakabaki walivyokuwa, kwa sababu walitazama tu. Kwa upande mwingine, mwaka 2019 Tara Donker na wenzake nchini Uholanzi walipata matokeo mazuri kwa programu ya simu na miwani sahili ya karatasi ngumu. Kinachotibu ni utabiri wa hofu kushindwa mbele ya macho ya mwenye hofu. Miwani inakupa mahali pa kuushindia, nao mwongozo huu wote unazunguka jambo hilo moja.

Hatua ya 1: Hakikisha ni fobia, na kwamba mwili wako unaruhusu

Hofu ya kawaida si ugonjwa. Tunaiita fobia pale hofu inapokuwa kubwa kuliko hatari yenyewe, inapojitokeza karibu kila unapokutana na kitu hicho, inapokulazimisha kukwepa au kuvumilia kwa mateso, inapodumu miezi sita au zaidi, na inapovuruga maisha: umekataa kazi kwa sababu ofisi iko ghorofani, au umekosa mazishi ya ndugu kwa sababu ya ndege.

Fobia zinazofaa zaidi kwa njia hii ni zile zenye kitu au mahali mahususi: urefu, ndege, lifti na sehemu za kubana, buibui na wadudu, mbwa, radi, kuendesha gari, kuzungumza mbele ya watu. Hofu ya sindano na damu ina utaratibu wake, nitaueleza mbele. Ikiwa hofu yako ilizaliwa na tukio la kutisha, tuseme ajali au shambulio, na tukio hilo bado linakurudia ndotoni au mchana kweupe, hiyo ni hali nyingine. Mtafute mtaalamu wa saikolojia kabla ya kugusa miwani.

Ongea na daktari kwanza kama una kifafa au umewahi kuanguka kwa sababu ya mwanga unaomulika-mulika, kama una maradhi ya sikio la ndani yanayoleta kizunguzungu, kama umepandikizwa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo (baadhi ya miwani na rimoti zake zina sumaku), kama una ugonjwa wa moyo, kama ni mjamzito, au kama umewahi kusikia sauti na kuona vitu ambavyo wengine hawavioni. Kwa mtoto, fuata umri uliotajwa na mtengenezaji, na usimfanyie tiba hii bila mtaalamu wa watoto.

Kuna na suala la dawa. Dawa za kutuliza za jamii ya benzodiazepini zinaweza kuzuia mwili usijifunze wakati wa zoezi, kwa kuwa ubongo unaweza kuhesabu kwamba kilichokuokoa ni kidonge. Pombe vivyo hivyo. Usiache dawa yoyote uliyoandikiwa kwa uamuzi wako mwenyewe; mweleze daktari unachotaka kufanya, akupangie.

Hatua ya 2: Tafuta msindikizaji

Aliye bora ni mwanasaikolojia au mshauri nasaha aliyefunzwa tiba ya kukabili. Kama hofu yako ni ya wastani na unajifanyia mazoezi, chagua mtu mzima mmoja mtulivu, asiyecheka, asiye na haraka, na asiyekuonea huruma kiasi cha kukutoa kwenye zoezi. Mara nyingi mwenzi wa ndoa hafai, kwani amezoea kukuokoa. Kama hofu inafika kiwango cha kuzirai, au kama unapitia sonona nzito, usijifanyie peke yako.

Hatua ya 3: Andika utabiri wa hofu yako

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, nami naisisitiza kuliko nyingine zote.

Chukua daftari la karatasi. Andika jibu la swali hili: *nikikaa pale bila kukimbia, ni nini hasa kitatokea?* Usiandike "nitajisikia vibaya". Kujisikia vibaya kutatokea, na kwa hiyo hofu itakuwa imeshinda kabla hujaanza. Andika kitu kinachoweza kuonekana kuwa kweli au uongo: "Nikisimama ukingoni dakika tatu, magoti yatakosa nguvu nitaanguka sakafuni." "Sitaweza kuvumilia zaidi ya sekunde thelathini, nitaivua miwani." "Nitashikwa na hamu ya kujirusha na nitashindwa kujizuia." "Moyo utaenda mbio bila kupungua kwa saa nzima." Kando ya kila utabiri weka asilimia: unaamini kwa kiasi gani kwamba hilo litatokea?

Sasa angalia jambo linalohusu miwani peke yake. Utabiri wa hofu ni wa aina mbili. Kuna unaohusu dunia: ukuta utavunjika, ndege itaanguka, mbwa atauma. Na kuna unaokuhusu wewe: nitazirai, nitapagawa, nitashindwa kustahimili. Miwani haiwezi kupima ule wa kwanza, kwa maana ndege ya kuchorwa haithibitishi chochote kuhusu ndege ya kweli. Ule wa pili inaupima vizuri sana, kwa kuwa moyo unaodunda ni moyo wako, na magoti yanayotetemeka ni magoti yako. Weka alama kwenye kila utabiri: huu wa miwani, huu wa nje. Ukikosa kutenganisha hivyo, utamaliza vipindi vyote na sauti ndani yako itasema, "Sawa, lakini ile haikuwa ndege." Nayo itakuwa na haki.

Wengi hushangaa wakigundua kwamba utabiri wao mzito ni wa aina ya pili. Mama mmoja niliyekaa naye kwa hofu ya ndege aliandika kwa dakika ishirini, kisha akanitazama akasema haogopi kuanguka. Anaogopa mlango ukishafungwa atapiga kelele na watu wote watamwona. Kumbe tulikuwa tunajiandaa kutibu jambo jingine kabisa.

Hatua ya 4: Jenga ngazi

Hofu yako ipe namba, kuanzia 0 (umetulia kabisa) hadi 100 (hofu kubwa kuliko zote unazoweza kuwaza). Kisha orodhesha hali mbalimbali ukizipanga kwa namba hizo. Kwa mtu wa urefu, ngazi inaweza kuwa hivi:

- Kusimama katikati ya roshani ya ghorofa ya pili: 25
- Kusogea hadi ukutani na kutazama mbele: 35
- Hapo hapo, kutazama chini dakika tatu: 45
- Lifti ya vioo hadi ghorofa ya tano, ukiwa katikati: 55
- Lifti hiyo hiyo, uso karibu na kioo: 65
- Kuvuka daraja jembamba lenye kamba pembeni: 75
- Ghorofa ya ishirini, ukingo usio na ukuta: 85
- Ukingo huo huo, mikono nyuma ya mgongo, ukitazama chini: 95

Namba ni zako, usiazime za mwingine. Kabla ya kununua au kupakua programu yoyote, kagua kama ina mandhari zinazofika juu ya ngazi yako, na kama msindikizaji anaweza kuibadilisha polepole: kuongeza ghorofa, kuongeza idadi ya watu ukumbini, kumsogeza buibui, kuleta mtikisiko wa ndege. Programu nzuri ya tiba hukuruhusu kubaki mahali pamoja kwa muda unaotaka. Michezo ya kutisha haifai hata kidogo, maana imetengenezwa ili ikushtue ghafla, na mshtuko wa ghafla hauna cha kufundisha.

Hatua ya 5: Andaa chumba, miwani na tumbo

Ondoa meza, waya na mazulia yanayojikunja. Nafasi ya mita mbili kwa mbili inatosha kwa kusimama. Weka mpaka wa usalama ndani ya programu. Kwa hofu ya ndege au gari, tumia kiti imara chenye mgongo. Safisha vioo na sehemu inayogusa uso, chaji betri ijae.

Rekebisha umbali kati ya vioo ulingane na umbali kati ya mboni za macho yako. Kwa watu wazima wengi umbali huo unazunguka milimita 63, lakini hutofautiana, na ukikosea kidogo picha hukosa ukali na kichwa huanza kuuma. Kaza mkanda wa nyuma ya kichwa kuliko wa pembeni, ili uzito usikae puani.

Kisha kuna kichefuchefu, ambacho huwafukuza baadhi ya watu kwenye tiba hii. Hutokea macho yanapoona unasogea huku sikio la ndani likisema umesimama. Kwa hiyo chagua programu ambazo unasogea kwa miguu yako mwenyewe, au unahamishwa kwa kuruka kutoka mahali hadi mahali, badala ya kuteleza kwa kusukuma kijiti cha rimoti. Picha zinazokwama-kwama nazo huleta kichefuchefu. Kama kifaa hakimudu programu, punguza ubora wa picha. Usile sana kabla, wala usije na njaa.

Kipindi cha kwanza kisiwe cha hofu. Kaa dakika tano hadi kumi kwenye mandhari tulivu: chumba, bustani, ufuko. Zoea kugeuza kichwa, kutazama mikono yako, kutumia rimoti. Lengo ni kujua mwili wako unavyojisikia ukiwa ndani ya miwani bila hofu, ili baadaye ukisikia kizunguzungu uweze kusema: hiki ni cha miwani, hiki ni cha hofu. Cha miwani huja na mate mengi na jasho jembamba, huongezeka unaposogea, na dawa yake ni kuvua na kupumzika. Cha hofu huja na moyo kwenda mbio na hamu ya kukimbia, na dawa yake ni kubaki.

Jambo moja ambalo linaweza kusaidia: mguso wa kweli. Hunter Hoffman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walionyesha kwamba anayeona buibui wa kuchorwa huku mkono wake ukigusa mwanasesere wa buibui mwenye manyoya huhisi uwepo wa buibui kwa nguvu zaidi, na tiba huingia zaidi. Kwa urefu, ubao mwembamba ulionyooka sakafuni, ukisimama juu yake pekupeku, hufanya kazi ya namna hiyo. Msindikizaji awe karibu ili usijikwae.

Hatua ya 6: Kipindi chenyewe

Tenga dakika hamsini hadi sitini. Muda wa ndani ya miwani uwe nusu saa hivi, ukigawanywa mara mbili au tatu. Mara moja au mbili kwa wiki zinatosha.

Kabla ya kuvaa, soma kwa sauti utabiri wa leo na asilimia yake. Vaa. Anza na kipandio cha ngazi chenye namba kati ya 30 na 45. Msindikizaji aulize namba kila dakika mbili hivi, kwa sauti ya kawaida, kisha anyamaze. Kuuliza kila sekunde kumi humtoa mtu mle ndani.

Maneno ya msindikizaji ni machache. "Uko namba ngapi?" "Mwili wako unafanya nini sasa?" "Kile ulichotabiri, kimetokea?" "Je, unaweza kusogea nusu hatua?" Asiseme "tulia", maana anayeambiwa atulie hudhani kuna hatari kama hatatulia. Asiseme "usiogope". Na asimshike mkono, isipokuwa anaelekea kuanguka kweli.

Mwenye hofu naye ana kazi moja, kubaki na kutazama. Ndani ya miwani kuna njia za siri za kukimbia bila kuivua, nami nazitaja zote kwa kuwa ndizo huharibu tiba kimya kimya. Ya kwanza ni kufumba macho au kukodolea upeo wa mbali. Ya pili ni kutafuta ule upenyo mdogo karibu na pua ambapo sakafu ya chumba inaonekana. Ya tatu ni kugusa ukuta au kiti cha kweli ili kujihakikishia. Ya nne ni kuhesabu, kusali haraka haraka au kuvuta pumzi kwa mpangilio ili kuifukuza hofu. Si kwamba sala au pumzi ni mbaya, ila hapa zimegeuzwa mkongojo. Ya tano, ambayo ni ya miwani tu, ni kujiambia "huu ni mchezo". Ni kweli ni picha. Lakini sentensi hiyo ukiitumia kama ngao, unaufunga mlango ambao mafunzo yangepitia. Badala yake sema unachokiona: niko juu, chini kuna barabara, magari ni madogo, miguu inatetemeka, nimesimama.

Namba itapanda. Inaweza kupanda hadi 70 au 80 hata kwenye kipandio ulichokipa 45, hilo lisikutishe. Mara nyingi baada ya dakika kadhaa hushuka yenyewe. Wakati mwingine haishuki katika kipindi hicho, na bado kipindi kimefaulu, kwa sababu kipimo chetu ni utabiri. Umekaa dakika tatu ukiwa na 75, magoti hayakukuangusha: umejifunza. Miaka ya mwanzo niliwahi kumwambia mtu avue miwani akiwa kwenye kilele cha hofu, kwa kumhurumia. Alirudi wiki iliyofuata akiwa na hofu kubwa zaidi, na nilielewa kwamba huruma yangu ilikuwa imeuthibitisha utabiri wake. Tangu siku hiyo mtu akiomba kutoka namwambia: "Unaweza kutoka wakati wowote, miwani ni yako. Je, unaweza kunipa sekunde thelathini nyingine kabla ya kuamua?" Karibu kila mara hutoa zile thelathini, halafu dakika.

Akisisitiza kutoka, atoke. Hakuna kumlazimisha mtu, hata siku moja. Mpumzishe, rudini kipandio kimoja chini siku hiyo hiyo, mmalizie hapo.

Baada ya kuvua, kaeni. Maswali matatu, majibu yaandikwe daftarini kwa maneno ya mwenye hofu: Nilitabiri nini? Nini kilitokea? Nini kimenishangaza? Kisha aandike upya asilimia ya kuamini utabiri ule. Usimwache aendeshe gari mara moja kama bado ana kizunguzungu.

Hatua ya 7: Kwa hofu ya sindano na damu pekee

Hofu nyingine hupandisha shinikizo la damu. Hii hupandisha kisha hulishusha ghafla, ndiyo maana wenye hofu ya damu huzirai kweli. Kuwaambia wabaki tu ni kuwaangusha. Lars-Göran Öst na wenzake nchini Sweden walitengeneza zoezi rahisi la kukaza misuli: kaa, kaza mikono, miguu na kiwiliwili kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso uhisi joto, legeza sekunde 20 hadi 30 bila kulegea kabisa, rudia mara tano. Lifanye kila siku kwa wiki moja kabla ya kuvaa miwani. Ndani ya miwani, kaa au lala, na anza kukaza mara tu unapohisi kichwa chepesi, masikio kuziba au macho kuingia giza. Mkono utakaochomwa sindano siku ya kweli uuache umelegea, ukaze sehemu nyingine.

Hatua ya 8: Rudia, lakini badilisha

Ukipanda kipandio kile kile, kwenye jengo lile lile la kuchorwa, saa ile ile, na msindikizaji yule yule, ubongo utaandika: *hapa* ni salama. Ukitoka hapo, hofu inakungoja mlangoni. Badilisha jengo, badilisha mchana na usiku, weka upepo na kelele, fanya siku uliyochoka. Baada ya vipindi vitatu vinne acha kufuata ngazi kwa mpangilio. Kipindi hiki 65, kijacho 40, kinachofuata 80. Maisha hayaji kwa mpangilio. Wengi huhitaji vipindi kati ya vitatu na vinane.

Hatua ya 9: Toka nje

Usingoje umalize ngazi yote. Kipandio cha 45 kikishapoteza makali ndani ya miwani, tafuta mfano wake wa kweli ndani ya siku mbili tatu: ghorofa ya pili ya jengo lolote, lifti ya safari moja, mbwa aliyefungwa upande wa pili wa barabara. Nenda na daftari. Sasa ndipo ule utabiri wa aina ya kwanza, unaohusu dunia, unapata kupimwa. Namba ya nje mara nyingi huwa juu kidogo kuliko ya ndani, na hilo halimaanishi kwamba miwani ilidanganya; umebadilisha mahali tu, ubongo unauliza tena swali lile lile.

Kuanzia hapo nenda kwa miguu miwili, kipandio ndani, kipandio nje. Pale ambapo nje hapafikiki upesi, kama ndege, fanya vipande: nenda kaangalie ndege zikiruka, kaa kwenye basi lililofungwa madirisha, weka tarehe ya safari fupi kabla ya kipindi cha mwisho na ukate tiketi. Yule mama wa ndege alipanda. Aliniambia moyo ulidunda tangu mlango ulipofungwa hadi mawinguni, na kelele aliyoitabiri kwa asilimia 90 haikutoka. Jirani yake alilala safari nzima.

Hatua ya 10: Hofu ikirudi

Itarudi siku moja, baada ya ugonjwa, msiba, au miezi ya kutokutana na kitu chenyewe. Kilichofutika ni nguvu ya utabiri. Kumbukumbu ya zamani bado ipo chini yake, na ikipata nafasi huchungulia. Dalili ya kuangalia ni kukwepa: umeanza kuchagua ngazi badala ya lifti na kujipa sababu ya mazoezi ya mwili.

Ukiona hivyo, fungua daftari usome majibu yako ya swali la tatu, lile la "Nini kimenishangaza?" Shuka vipandio viwili chini ya pale ulipoishia, vaa miwani kwa kipindi kimoja, na ndani ya wiki hiyo hiyo uende mahali penyewe. Kama vipindi viwili vimepita na bado unakwepa, au usingizi umekuacha, rudi kwa mtaalamu na daftari mkononi. Atajua pa kuanzia akishasoma ukurasa wa kwanza.